Maumivu ya kichwa yanapoanzia kwenye taya

MKAZI wa Ruring'u, mjini Nyeri, anayeamka kila asubuhi akiumwa na kichwa huenda akalaumu baridi ya Mlima Kenya au macho yake. Ni wachache wanaoshuku taya.

Kiungo cha taya kiko mbele ya sikio, kila upande wa uso, nacho humwezesha mtu kutafuna, kunena na kupiga miayo. Kikipata hitilafu, au misuli inayokiendesha ikichoka, maumivu hutanda shavuni, kwenye panja na hata sikioni. Wengine hushindwa kupanua kinywa. Taya linaloalika bila maumivu, hata hivyo, kwa kawaida halihitaji matibabu.

Hatari ni kukosea chanzo. Mgonjwa aweza kung'olewa gego lisilo na kasoro, au kuzoea kumeza dawa za maumivu. Dawa hizo, hata zile za kawaida, zikitumiwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Miongoni mwa yanayolitesa taya ni kusaga meno usingizini, msongo wa mawazo na majeraha. Kutafuna kwa saa nyingi mfululizo pia huchosha misuli, jambo ambalo watumiaji wa miraa ya Meru na muguka wa Embu wanafaa kumweleza daktari.

Tiba mojawapo ni kifaa cha kuvaa kinywani. Daktari wa meno huchukua chapa ya meno ya mgonjwa, kisha fundi hutengeneza bamba la plastiki ngumu linalofunika meno ya juu au ya chini. Aghalabu huvaliwa usiku ili meno yasisuguane na kulika.

Je, kifaa hicho huponya? Mwaka 2001, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kidogo cha meno ya mbele kwa ajili ya kuzuia kipandauso. Hata hivyo, vifaa vinavyofunika meno machache tu, vikivaliwa muda mrefu bila uangalizi, vyaweza kuyahamisha meno hadi yasikutane sawasawa.

Aidha, mwongozo uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la BMJ la Uingereza haukupendekeza mabamba haya kwa maumivu sugu ya taya, kwani ushahidi wa manufaa yake ni hafifu. Ulitilia mkazo mazoezi ya taya na ushauri wa kumsaidia mgonjwa kukabiliana na maumivu. Bamba basi ni kinga ya meno zaidi kuliko tiba ya kichwa.

Kwa hivyo, mgonjwa aanze na hatua zisizoacha athari za kudumu: kupumzisha taya, kulikanda kwa kitambaa chenye joto, kula vyakula laini kama mukimo badala ya mahindi ya kuchoma na miwa. Asikubali upesi meno yake yachongwe au yang'olewe, na ahakikishe daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Aliyetimiza miaka 50, akaanza kuumwa na kichwa pamoja na taya anapotafuna, huku macho yakififia, asingojee bamba: afike hospitalini siku hiyo hiyo, kwani anaweza kupofuka.