Hatshepsut: Malkia au Mfalme? Hadhi ya Mwanamke na Cheo cha Mtawala katika Misri ya Kale

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1829, Mfaransa Jean-François Champollion, aliyekuwa amefumbua maandishi ya Wamisri wa kale miaka saba kabla, alizuru magofu ya hekalu la Deir el-Bahari, ng'ambo ya magharibi ya Mto Nili. Ukutani aliona picha ya mfalme mwenye ndevu na mavazi yote ya kifalme, lakini maneno yaliyochongwa kando yake yalimtaja kwa viambishi vya kike. Champollion alistaajabu, akakisia maelezo ambayo baadaye yalionekana kuwa si sahihi. Mfalme yule alikuwa Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri kwa muda wa miaka ishirini hivi katika karne ya 15 K.K.

Sisi tunaosoma historia hiyo kwa Kifaransa tunakutana na neno « reine », nasi tunaandika « malkia » bila kusita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo inaficha jambo lenyewe linalotakiwa kuelezwa. Tutaanza na hadhi ya mwanamke mbele ya sheria, kisha tutaangalia kiti cha ufalme, na mwisho tutarudi kwenye Kiswahili.

2. Mwanamke mbele ya sheria

Katika Misri ya kale mwanamke, awe ameolewa au hajaolewa, aliweza kumiliki shamba, kurithi, kuuza, kushtaki na kutoa ushahidi kwa jina lake mwenyewe. Mfano ulio wazi ni wa Naunakhte, mkazi wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Mnamo mwaka 1145 K.K. hivi, wakati wa mfalme Ramesses V, alisimama mbele ya baraza akaeleza kwamba alilea watoto wanane na kuwapa vyombo vya kuanzia maisha, naye sasa amezeeka na baadhi yao hawamtunzi. Basi hao akawanyima urithi wa mali yake. Sehemu ya baba yao hakuigusa, kwa kuwa haikuwa yake. Hati ya wosia huo ingalipo hadi leo.

Uzito wa haki hiyo unaonekana tukilinganisha. Wagiriki walipoitawala Misri baada ya mwaka 332 K.K., mwanamke aliyefunga mkataba kwa sheria ya Kigiriki alihitaji msimamizi wa kiume. Aliyefunga mkataba kwa sheria ya Kimisri, katika nchi ileile, hakumhitaji.

Hata hivyo tusitie chumvi. Ukarani, uliokuwa mlango wa vyeo vya serikali, ulikuwa karibu wote mikononi mwa wanaume. Cheo cha kawaida cha mwanamke aliyeolewa kilikuwa « nebet per », yaani bibi wa nyumba. Cheikh Anta Diop, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya umoja wa utamaduni wa Afrika Nyeusi, aliiweka Misri miongoni mwa jamii zenye mfumo wa ukoo wa mama. Alifanya vema kuuliza swali hilo. Lakini haki ya kumiliki mali ni jambo moja, na haki ya kutawala ni jambo jingine.

3. Kiti cha ufalme

Mfalme wa Misri alihesabiwa kuwa ni Horus duniani, mungu wa kiume aliyerithi kiti cha baba yake Osiris. Wanawake wa jumba la kifalme walipewa vyeo kwa kadiri ya uhusiano wao na mfalme: « mut nesu », mama wa mfalme, « hemet nesu », mke wa mfalme, « sat nesu », binti wa mfalme. Hapakuwa na cheo chenye maana ya « mwanamke atawalaye ».

Kwa hiyo mwanamke alipanda kitini hasa pale mrithi wa kiume alipokosekana au alipokuwa mtoto. Sobekneferu alifunga nasaba ya 12 kwa utawala usiotimiza miaka minne. Tausret alifunga nasaba ya 19. Sanamu moja ya Sobekneferu, iliyomo katika makumbusho ya Louvre, inaonyesha vazi la kike na juu yake vazi la kiume la mfalme. Hakuwa akimdanganya mtu: alikuwa akivaa cheo.

4. Hatshepsut

Hatshepsut alikuwa binti wa Thutmose I na mke mkuu wa Thutmose II. Mumewe alipofariki, kiti kilimwangukia Thutmose III, mtoto mdogo wa mke mwingine. Mwanzoni Hatshepsut alitawala kwa niaba yake. Ilipofika mwaka wa saba alikuwa amekwisha kujitwalia majina yote ya kifalme. Mtoto hakuondolewa, na miaka iliendelea kuhesabiwa kwa utawala wake.

Katika Kimisri jina la kike hutambulikana kwa kiishio -t: « sa » ni mwana wa kiume, « sat » ni binti. Wafalme walijiita « sa Ra », yaani mwana wa Ra. Hatshepsut mara nyingi aliandika « sat Ra ». Picha ilionyesha cheo, na sarufi ilionyesha mtu.

Miaka ishirini hivi baada ya kifo chake, Thutmose III aliamuru jina lake lifutwe. Waliofuta walishambulia hasa picha zilizomwonyesha kuwa mfalme. Zile zilizomwonyesha kuwa mke wa mfalme kwa kawaida waliziacha. Yaani kilichokataliwa hakikuwa Hatshepsut mwanamke, bali Hatshepsut mfalme.

5. Tatizo la mtafsiri

« Malkia », neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili katika Kiswahili: mwanamke atawalaye, na mke wa mfalme. Tukiandika « Malkia Hatshepsut » tunamrudisha katika cheo alichokiacha, nasi bila kujua tunashirikiana na wale wenye patasi. « Mfalme », kinyume chake, hakina alama ya jinsi, na kinamfaa barabara.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Hatshepsut, Sobekneferu na Tausret waitwe wafalme. Tiye, mke wa Amenhotep III, na Nefertari, mke wa Ramesses II, waitwe wake wakuu wa mfalme. Kleopatra VII, aliyefariki mwaka 30 K.K., aweza kubaki malkia, maana Kigiriki cha watu wake kilikuwa na neno « basilissa », lenye upana kama wa malkia wetu. Tena, kwa kuwa « mwana » wetu hachagui jinsi, « sat Ra » itafsiriwe « binti wa Ra », la sivyo tofauti iliyomstaajabisha Champollion itapotea kabisa.

6. Hitimisho

Misri ya kale ilimpa mwanamke shamba, wosia na sauti barazani, lakini haikumtengenezea jina la utawala. Walioufikia utawala walilitwaa jina lililokuwapo. Mtafsiri asiwanyang'anye.