Kujiamini kwa Mpiga Picha Hutokana na Maandalizi, Si Bei ya Kamera

Upigaji picha ni miongoni mwa kazi zinazowapatia vijana wengi nchini kipato kupitia harusi, mahafali, mikutano na matangazo ya biashara. Hata hivyo, baadhi yao huanza kwa kutafuta kamera ya bei kubwa, hata kwa mkopo, wakiamini kuwa ndiyo itakayowaletea wateja na ujasiri. Kujiamini kazini hujengwa kwa njia nyingine: kukifahamu vyema kifaa kilichopo na kujiandaa kwa yanayoweza kuharibika.

Sherehe hairudiwi. Maharusi wakishavishana pete, mpiga picha ambaye betri yake imeisha au kadi yake ya kumbukumbu imegoma hawezi kuwaomba waanze upya. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza wakati wa kununua vifaa si kamera ipi iliyo bora kuliko zote, bali kazi itaendeleaje endapo kamera hiyo itazima. Kamera mbili za kawaida, hata zilizotumika, huweza kumlinda mpiga picha wa sherehe kuliko moja ya kifahari isiyo na akiba. Betri za ziada, kadi zaidi ya moja na taa ya flashi navyo hutangulia kwenye orodha.

Lenzi nayo hustahili kupewa uzito. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 ni ya bei nafuu ikilinganishwa na nyingi, lakini hupitisha mwanga takribani mara 10 zaidi ya lenzi iliyofika f/5.6, kiwango ambacho lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera hufikia zinapovutwa hadi mwisho. Katika ukumbi wenye mwanga hafifu, tofauti hiyo huamua kama picha itatoka safi au yenye ukungu. Pamoja na hayo, katika kamera zenye kihisio kidogo lenzi hiyo hubana eneo linaloonekana, hivyo chumba chembamba kitahitaji lenzi pana zaidi.

Matunzo ni sehemu ya gharama. Unyevu wa Pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na vumbi huingia kwenye kihisio lenzi inapobadilishwa mahali pa wazi. Mfuko mkavu wenye vipakiti vya kunyonya unyevu huongeza maisha ya kifaa.

Kuhusu ujasiri mbele ya watu, mazoezi hayana mbadala. Mpiga picha anayeweza kubadili mipangilio ya kamera bila kuitazama hubaki na nafasi ya kuwatazama watu. Kufanya kazi kwanza kama msaidizi wa mwenye uzoefu, kuukagua ukumbi mapema na kuandika pamoja na familia orodha ya picha zisizopaswa kukosekana humwezesha kuwapanga hata wazee kwa heshima na bila kusitasita.

Ujasiri huo hukamilishwa na makubaliano ya maandishi yanayotaja malipo, idadi ya picha, tarehe ya kuzikabidhi na nani atazitumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa. Aidha, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, suala linaloangaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vyema kupata ridhaa ya mhusika kabla ya kuitumia picha yake katika tangazo.

Kwa wasio na mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba bado ni deni. Kikundi kinachokusudia kuuombea vifaa kinapaswa kukokotoa kwanza ni kazi ngapi kwa mwezi zitakazolipa rejesho, kisha kununua kile ambacho kazi hizo zinakihitaji. Kifaa kitakachobaki kabatini kikisubiri wateja hakilipi rejesho.