Je, Wajua? Dozi Moja Yatosha

Je, wajua kwamba sehemu muhimu ya ushahidi wa dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilitoka humu humu Kenya? Utafiti wa KEN SHE uliwafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Nairobi na Thika. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia kwa asilimia 97.5 maambukizi sugu ya virusi vya HPV aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban visa 7 kati ya 10 vya saratani hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali. Kwa familia iliyo mbali na kituo cha afya, hiyo ni nauli moja ya bodaboda iliyookolewa, na binti hahesabiwi tena kuwa hajamaliza chanjo.

Wapo wanaohofia kwamba chanjo hii huleta ugumba, na hofu yao yastahili jibu la heshima. Sindanoni hamna kirusi hai, mna maganda matupu ya protini yasiyoweza kuambukiza. Tangu 2006 mamilioni wamechanjwa na ugumba haujathibitika. Kwa nini basi mtoto wa miaka 10? Kwa sababu chanjo hukinga, haitibu, hivyo sharti ivitangulie virusi. Mamake naye apimwe: muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu zenye kasoro hugeuka nyeupe, zikatibiwa kabla hazijawa saratani.