Jina Lililo Kwenye Pakiti Ni Mali ya Nani?

Muulize mtu mzima wa Mombasa, Tanga au Unguja habari za kanga za zamani, hatakawia kukutajia maneno haya: Mali ya Abdulla. Yalichapishwa, pamoja na herufi K.H.E., kwenye kanga za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Hayakuwa jina la kanga wala sehemu ya ujumbe wake. Yalimwambia mnunuzi kwamba doti hii imetoka kwa mtu fulani na si mwingine, na kama uliipenda ya mwaka jana, ya mwaka huu utaikuta vilevile. Kazi ya alama ya biashara ni hiyo mpaka leo. Ila siku hizi kuyachapisha maneno hayo kwenye bidhaa peke yake hakutoshi, lazima yaandikwe pia kwenye daftari la Msajili.

Mwaka juzi aliingia ofisini kwangu mama mmoja anayesaga na kufungasha viungo vya pilau. Akaweka pakiti mbili mezani. Karatasi ileile ya rangi ya chungwa, sufuria ileile inayofuka mvuke, maandishi meupe yaleyale yaliyopinda juu ya sufuria. Ilibidi nizisogeze dirishani ndipo nione tofauti: kwenye pakiti ya pili, herufi r ya katikati ya jina ilikuwa imegeuzwa l. Kwa masikio yetu hiyo si tofauti. Mtoto anatumwa dukani, anatamka l penye r, na muuzaji anampa kilekile alichotumwa. Sheria inalijua hilo. Kufanana kwa alama kunapimwa kwa macho, kwa masikio na kwa maana, na kipimo ni mnunuzi wa kawaida mwenye haraka zake, ambaye kichwani ana kumbukumbu tu ya kile alichonunua mara ya mwisho. Hana pakiti zote mbili mkononi kama nilivyokuwa nazo mimi pale dirishani.

“Lakini mimi nimesajiliwa, wakili,” aliniambia, akafungua faili. Kweli, cheti cha jina la biashara kilikuwamo, namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri, cheti cha viwango cha TBS. Kila karatasi ilikuwapo isipokuwa ile iliyohitajika siku hiyo.

Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika kazi yangu, na linaniuma kwa sababu wanaolifanya ni watu waangalifu. Cheti cha jina la biashara kinatolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kinaujulisha umma ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo, basi. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine kulibandika jina hilo kwenye bidhaa zake. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Kinachowachanganya watu ni kwamba, kwa Tanzania Bara, vyote viwili vinashughulikiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na vinaombwa kwenye mfumo uleule wa mtandaoni. Unatoka na karatasi moja ukiamini umemaliza, kumbe umefanya nusu ya kazi.

Kuna njia ya kumshtaki anayejipitisha sokoni kama wewe hata kama alama yako haijasajiliwa. Lakini utabeba mzigo wa kuithibitishia mahakama kwamba jina lako linajulikana, kwamba wateja wanadanganyika, na kwamba umepata hasara. Mwenye cheti cha alama anaanzia mbele zaidi: anakionyesha, kisha mabishano yanakuwa juu ya kufanana.

Kabla ya kukimbilia fomu, litazame jina lenyewe, maana si kila jina linaweza kumilikiwa. Somo zuri kuliko yote liko kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi wa Dar es Salaam anaagiza Twiga, wa Tanga anaagiza Simba, wa Mbeya anaagiza Tembo, na wote wanazungumzia saruji. Mnyama hana uhusiano wowote na saruji, na nguvu ya alama imo humohumo: neno halielezi bidhaa, kwa hiyo hakuna mtengenezaji mwenzako anayelihitaji ili kueleza ya kwake. Neno la kubuni kabisa lina nguvu zaidi. George Eastman aliliunda neno Kodak na kulisajili mwaka 1888, halikuwa na maana katika lugha yoyote, na kwa sababu hiyo likawa lake peke yake.

Sasa linganisha na majina ninayoletewa kila wiki: Unga Bora, Asali Safi, Maziwa Fresh. Msajili atayakataa, na ana haki. Ukimpa mtu mmoja neno “bora”, wengine wote watasifu unga wao kwa neno gani? Jina la bidhaa yenyewe ndilo lisilofaa kabisa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno Kikoy. Wafumaji na wauzaji wa vikoi wa pwani yetu wangejikuta hawawezi kuuza kikoi nchini humo kwa jina lake. Shirika la Traidcraft liliweka pingamizi, na kufika mwaka 2008 ombi lilikuwa limeanguka. Nalikumbuka tukio hilo kila ninaposikia kwamba mambo ya alama ni ya makampuni makubwa tu.

Haki unayopewa pia ina mipaka ya bidhaa. Dunia inatumia orodha iliyotokana na Mkataba wa Nice wa mwaka 1957, yenye madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Viungo, unga na asali viko daraja la 30. Siagi ya karanga iko la 29, sabuni la 3, nguo la 25, saruji la 19, mgahawa la 43. Simba ya saruji na Simba ya Msimbazi, klabu ya soka, zinaishi pamoja bila mtu kuchanganyikiwa. Kwa hiyo chagua daraja kwa kile unachokiuza na kile unachokusudia kwa dhati kukiuza karibuni. Usilundike madaraja kwa tamaa, kwani kila moja lina ada yake, na alama isiyotumika kwa miaka mitatu mfululizo inaweza kuombewa kufutwa.

Kuhusu nembo, nawashauri wateja waisajili kwa rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa rangi ndiyo roho ya alama. Alama iliyosajiliwa bila kuwekewa mipaka ya rangi inalindwa katika rangi zote. Na yule kijana aliyekuchorea asaini karatasi ya kukuhamishia hakimiliki ya mchoro siku unapomlipa, si baada ya jina kuwa kubwa. Vilevile, mwombaji awe kampuni au mwenye biashara halisi. Nimeona ndugu wakigawanyika kwa sababu mmoja aliandikisha alama ya wote kwa jina lake.

Hatua zenyewe hazina miujiza. Unafanya upekuzi kwanza kuona kama kuna anayekaribiana nawe. Unawasilisha ombi na mfano wa alama. Msajili anaikagua, na akiridhika inatangazwa kwenye jarida. Kuanzia siku ya tangazo, yeyote ana siku 60 za kupinga.

Siku hizo 60 ndizo zilizomwokoa yule mama. Tulipopekua tukakuta mwenye pakiti ya pili alishaomba jina lake lisajiliwe, alishakubaliwa, na jarida lilikuwa limetoka. Zilikuwa zimebaki siku chache. Mama alirudi na boksi la viatu lililojaa risiti: za kuchapisha pakiti, za maduka aliyoyauzia, stakabadhi za mabasi yaliyobeba katoni zake, baadhi zimefifia hata hazisomeki. Tarehe zake zilitangulia ombi la yule mtu kwa miaka minne. Tukaweka pingamizi tukieleza kwamba ndiye aliyeanza kulitumia jina hilo. Mwombaji hakuleta majibu katika muda aliopewa, na kwa kukaa kimya ombi lake likahesabiwa limeachwa.

Wiki ileile tuliwasilisha ombi la mama mwenyewe. Usajili unahesabiwa kuanzia tarehe ya kuomba, hata cheti kikichelewa. Bara unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10. Nakwambia hesabu hiyo kwa msisitizo kwa sababu wengi huhesabu tangu siku waliyokishika cheti, wakajikuta wamepitwa. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Cheti kikishatoka, bidhaa bandia zenye alama yako unaweza kuziripoti Tume ya Ushindani, ambayo ina mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza. Lakini hakuna ofisi itakayokuzungukia sokoni. Mama huyu sasa kila mwezi anapita mwenyewe kwenye maduka, ananunua pakiti zinazofanana na zake na kuzihifadhi pamoja na risiti.

Siku aliyokuja kuchukua cheti alikisoma mstari kwa mstari, kisha akaniuliza kama kinafika Zanzibar, maana kila Ijumaa anapeleka katoni kwa boti. Nikamwambia hapana, mama. Alama za biashara si jambo la Muungano. Kule kuna sheria yao ya mwaka 2008 na wakala wao wa usajili, na linahitajika ombi jingine. Akakirudisha cheti kwenye bahasha, akavuta kiti, akaketi tena. “Haya,” akasema, “tuanze na hilo.”