Uso Uliopotea Dirishani: Kujifunza Kutumia Kamera ya SLR

Utangulizi

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kwenda uwandani na daftari, kalamu na kinasa sauti. Siku hizi kamera nayo imeingia katika mkoba wa mtafiti. Makala haya yanakusudia kumweleza anayeanza jinsi kamera ya dijitali ya SLR inavyofanya kazi, na jinsi ya kuijifunza bila kubabaika. Mimi si mpiga picha wa kazi. Ninaandika kama mwalimu aliyekosea, akajifunza kutokana na kosa lake.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Ajia kumhoji mzee mmoja aliyejifunza Kiswahili jeshini, kile kinachojulikana kama Kikeya, yaani Kiswahili cha askari wa King's African Rifles. Wazee wa aina hiyo wamebaki wachache sana hapa Nile Magharibi. Mzee alitukaribisha ndani, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akatusimulia kwa saa mbili nzima. Sauti tuliipata vizuri. Mimi nilikuwa na kamera ya SLR iliyonunuliwa mitumba, nikapiga picha zaidi ya 40. Tuliporudi na kuzifungua kwenye kompyuta, dirisha lilikuwa linang'aa na bati la jirani linaonekana, lakini uso wa mzee ulikuwa mweusi tii kama kivuli. Tulipanga kurudi baada ya mavuno. Kabla ya mavuno mzee akafariki. Sauti yake tunayo, uso wake hatuna.

Kwa nini jicho liliona na kamera haikuona?

Herufi SLR zinataja kamera yenye lenzi moja na kioo kinachoakisi. Ndani yake mna kioo kidogo kilichoinamishwa. Mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo, kisha hupanda hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, kilango kilicho nyuma yake hufunguka na kufungika, na mwanga hufika kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu ya zamani. Ule mlio wa "klap" ndio kioo hicho.

Hapa pana jambo ambalo anayeanza hulisahau. Unapochungulia, unaona watu na vitu kama vilivyo, kwa jicho lako mwenyewe. Huoni picha itakayotoka. Simu ya mkononi huonyesha picha kabla hujaipiga, kwa hiyo uso ukiwa mweusi utaugundua mapema. Kwa kidirisha cha SLR niliuona uso wa mzee vizuri kabisa, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe kati ya mwanga na giza. Kihisi hakina uwezo huo mkubwa.

Jambo la pili ni kipima-mwanga cha kamera. Kifaa hiki hakijui kwamba mbele yake yuko mzee, mbuzi au ukuta. Hupima mwanga uliopo na kujaribu kuufanya uwe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Dirisha lenye jua likijaza sehemu kubwa ya picha, kamera husema "mwanga umezidi," ikaupunguza. Anayeumia ni aliyeketi mbele ya dirisha, na mwenye ngozi nyeusi huumia zaidi. Tatizo hili lina historia yake: katika karne ya 20 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Kwa hiyo usiiachie kamera iamue peke yake.

Mambo matatu ya msingi

Mwanga unaounda picha huongozwa na mambo matatu.

1. Tundu la lenzi. Hili ni kama mboni ya jicho, hupanuka na kusinyaa. Huandikwa f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba ndogo ni tundu kubwa, namba kubwa ni tundu dogo. Kila hatua ya kupanda hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu kubwa hufanya vitu vya nyuma vififie. Tundu dogo huonyesha vya mbele na vya nyuma kwa pamoja.

2. Muda wa kilango. Huandikwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250. Muda mfupi humsimamisha mcheza ngoma hewani. Muda mrefu humfanya aonekane kama moshi. Kwa mtu aliyeketi anazungumza, 1/125 inatosha.

3. ISO. Hii ni namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga: 100, 200, 400, 800, 1600 na kuendelea. Nje kwenye jua 100 inafaa, ndani ya nyumba utahitaji 800 au 1600. Namba ikipanda sana, picha huwa na chembechembe kama mchanga.

Mambo haya hutegemeana. Picha ya f/4 kwa 1/250 hupata mwanga sawa na ya f/8 kwa 1/60, lakini hazifanani: ya kwanza imesimamisha mwendo, ya pili imeonyesha vya nyuma kwa uwazi zaidi.

Jifunze kwa njia ya jozi

Wanafunzi wengi huzungusha kila kitufe kwa wakati mmoja, kisha hawajui ni kipi kilichobadilisha picha. Sisi walimu wa lugha tuna njia bora. Tunapofundisha fonimu hutumia jozi-mlinganuo finyu, mathalani "pata" na "bata". Sauti moja tu hubadilika, nyingine zote zikabaki, na mwanafunzi huisikia tofauti mara moja. Fanyeni hivyohivyo na kamera.

Zoezi la kwanza: Weka gurudumu la juu kwenye A (kwa Canon ni Av), ISO 400. Mwenzako akae chini ya mwembe, kamera iwe juu ya meza. Piga kwa f/5.6, kisha kwa f/16. Linganisha vitu vilivyo nyuma yake.

Zoezi la pili: Weka kwenye S (kwa Canon ni Tv), ISO 400 vilevile. Wakati wa jioni simama kando ya barabara, piga bodaboda inayopita kwa 1/500, kisha nyingine kwa 1/30. Linganisha magurudumu.

Zoezi la tatu: Hili ndilo lingeokoa picha yangu. Mwenzako aketi mbele ya dirisha. Rudi kwenye A, kisha utafute kitufe chenye alama ya + na −. Piga ikiwa 0, halafu +1, halafu +2. Dirisha litazidi kuwa jeupe, lakini uso utatokea. Katika mahojiano, uso ndio tunaouhitaji.

Hata hivyo, dawa bora haimo katika kitufe chochote. Mwombe mzee kwa heshima ageuze kiti, dirisha liwe ubavuni mwake au nyuma yako wewe mpiga picha. Kama mko nje, jihadharini na jua la utosi. Hapa Arua jua huwa juu kabisa karibu na saa saba mchana, likatia vivuli vyeusi machoni. Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi na moja mwanga ni laini. Saa nyingine kivuli cha mti kinafaa. Aidha, wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu ni adui: usibadilishe lenzi barabarani, kwani chembe ikikaa kwenye kihisi itaonekana katika kila picha.

Picha isiyo na maelezo

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin kutoka hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC). Hazina hiyo ina picha za filamu zipatazo 70,000, na nyingi hazikuwa zimewahi kuchapishwa. Zilikuwa zimekaa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Bila maandishi hayo, leo tungekuwa na nyuso tusizozijua. Kwa hiyo siku hiyohiyo ya utafiti andikeni nani, wapi, lini na kwa ruhusa ya nani, kisha mhifadhi nakala mbili mahali tofauti.

Hitimisho

Kamera za SLR zinaanza kupitwa na wakati, kwani kampuni kubwa zimeelekea kwenye kamera zisizo na kioo. Kwetu hiyo ni nafuu, kwa sababu zilizotumika hupatikana kwa bei ndogo, na kanuni za mwanga ni zilezile kwa kamera zote. Ushauri wangu kwa wanafunzi watakaokwenda uwandani ni huu: fanyeni mazoezi matatu niliyoyataja kabla ya kuondoka. Mkifika, baada ya picha ya kwanza, simameni, iangalieni kwenye kioo cha nyuma na muukuze uso. Ukiwa mweusi, rekebisheni papo hapo mzee akiwa bado amekaa mbele yenu. Mimi niliangalia nilipofika nyumbani.