Mafundisho ya Nyimbo Shuleni

Mwalimu mmoja aliniuliza juzi sababu ya jambo hili: watoto wale wale wachezao ngoma mpaka usiku wa manane pasipo kuchoka, wakiingia katika darasa la nyimbo hupiga miayo na kutazama dirishani. Mimi si mwalimu, ni karani, na kazi yangu ni barua na hesabu. Lakini nimeimba katika kwaya tangu utoto, na jambo lenyewe nimelifikiri sana. Basi nimeona vema niwaeleze wasomaji, hasa waalimu na wazee wa vijiji, maana pasipo wazee haliwezi kutengenea.

Nilipokuwa mtoto tulifundishwa shuleni wimbo wa theluji. Hapana hata mmoja wetu aliyepata kuiona theluji, wala mwalimu mwenyewe hakuwa ameiona. Tulipomwuliza alisema ni kitu kama unga wa muhogo uangukao kutoka juu. Tukafurahi, tukidhani ni chakula. Jambo hili lachekesha, lakini dhara lake halikuwa dogo, kwa kuwa tulijifunza kwamba wimbo wa shule ni maneno ya kukariri, na wimbo wa nyumbani ni kitu cha kuficha. Bibi yangu alijua nyimbo nyingi za kutwanga na za kupalilia, nami sikumwomba anifundishe hata mmoja. Amefariki, nazo zimekwenda naye.

Watu wengi hudhani kwamba kosa ni la maneno ya kigeni tu, na kwamba ukiyafasiri kwa Kiswahili kazi imekwisha. Sivyo. Maneno ya Kiswahili yana mkazo wake, nao huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: twasema mTOto, kiLImo, mkuLIma. Tuni nyingi za Kiingereza, kwa upande wake, humaliza mstari kwa pigo zito, kwa sababu lugha ile ina maneno mengi ya silabi moja. Maneno yetu karibu yote humalizika kwa silabi nyepesi. Ukiyamimina katika tuni ya namna ile pasipo kuipima, pigo huangukia mahali pasipo pake, na mtoto huimba mtoTO na kiliMO. Pengine maana nayo hugeuka. Neno barabara likikazwa silabi ya tatu ni njia. Likikazwa ya pili ni sawasawa. Tena katika lugha kama Kihaya na Kichaga mambo ni magumu zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti hutenga neno na neno. Yafaa basi mwalimu awasomeshe watoto maneno ya wimbo kama wasemavyo nyumbani, huku wakipiga makofi penye mkazo, kabla ya kufungua kinywa kuimba. Makofi yakigombana na tuni, na ibadilishwe tuni.

Mtu mmoja aliyelishika neno hili barabara alikuwa Ephraim Amu, mwalimu wa Ghana, nchi iliyoitwa Gold Coast mpaka mwaka 1957. Yeye alitunga nyimbo za kwaya zinazofuata sauti na mapigo ya lugha za kwao, akawafundisha wanafunzi wake kupiga filimbi za mianzi. Aliona taabu kwa ajili ya hayo na kwa kuvaa nguo za kienyeji kanisani, hata mwaka 1933 akaondolewa katika chuo cha Akropong alikofundisha. Baadaye alifundisha Achimota, na leo nyimbo zake ni fahari ya nchi nzima.

Wala isidhaniwe kwamba nataka tutupe toniki solfa. La! John Curwen wa Uingereza aliyeieneza alitaka watu wasio na kinanda wala fedha waweze kusoma nyimbo, na hata leo ndiyo njia nyepesi kwa shule isiyo na chombo. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliitumia alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Huko Hungaria naye Zoltán Kodály, ambaye tangu mwaka 1905 alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, alifundisha solfa kwa nyimbo hizo hizo, ili mtoto aanze kusoma kile ambacho sikio lake limekwisha kukijua. Hapo ndipo penye siri ya kazi: kwanza wimbo wa nyumbani, kisha herufi zake ubaoni, na mwisho nyimbo za mbali, hata ule wa theluji.

Lakini solfa ni kikapu, nacho kina matundu. Mtoto wa Ugogo huja shuleni akiwa amekwisha kusikia kwao watu wakiimba kwa sauti mbili au tatu pamoja, jambo ambalo kwaya nyingine hulitafuta miaka mingi. Tena katika ngazi ya sauti za Kigogo mna moja ilalayo kati ya la na ti, wala solfa haina herufi yake. Mwalimu mgeni huisikia, akadhani mtoto amekosea, akamsahihisha. Heri angenyamaza na kumsikiliza mpiga zeze.

Kwa darasa la wakubwa, hasa wavulana waonao haya kuimba sauti zao zikivunjika, kuna kazi ipendezayo sana. Watwae ubao, waweke vijiti viwili vya kuinua uzi, nafasi kati yao iwe sentimita 60, wakaze mshipi wa kuvulia samaki juu yake. Uzi mzima ukilia do, kizuie kijiti cha tatu chini yake ili ibaki sentimita 48, utapata mi. 45 utapata fa. 40 utapata so. Na 30, yaani nusu kamili, utapata do ya juu. Hesabu ya mafungu, iliyowachosha asubuhi, sasa yaimba. Nimeona vijana wakikataa kwenda nyumbani kwa ajili ya ubao huo.

Sasa neno kwa wazee. Mwalimu akija kuomba nyimbo msimfukuze, lakini naye asichukue kila asikialo. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na mahali pake, wala hazifai kuimbwa mbele ya wote. Za kilimo, za kubembeleza watoto, za kuvuta nyavu, za hadithi za sungura, hizo zatosha kwa miaka mingi. Mwanafunzi aziandike katika daftari kwa lugha ya kwao, aongeze jina la aliyemwimbia, kijiji, tarehe, na kazi iliyofanywa wimbo ulipoimbwa. Na daftari hilo likae shuleni katika kabati, mbali na mchwa.