Figo za bibi na kijana wa duka la dawa

Leo tunazungumzia figo, lakini tunapitia mlango wa duka la dawa. Huko ndiko wengi wetu hukimbilia kabla ya hospitali, na anayetuhudumia huenda ni kijana aliye masomoni au aliyemaliza juzi. Je, huyu kijana anafundishwaje kuhusu figo?

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa siku figo zote mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu, na karibu yote hurudi mwilini. Mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili tu. Dawa nyingi nazo hutolewa kwa njia hiyo, hivyo figo zikidhoofika dawa hujilimbikiza. Tena maradhi haya ni ya kimya: mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi ya figo asihisi lolote. Zikishindwa kabisa, wengi huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara.

Mwanafunzi wa famasia hukariri orodha ndefu ya dawa zinazodhuru figo, akafaulu mtihani, kisha akasahau. Tuliopita madrasa tunajua kwamba aliyehifadhi lazima asome mbele ya maalimu asahihishwe. Na huku ni vivyo hivyo. Zipo njia tatu zinazoamsha darasa.

Kwanza ni igizo. Mmoja awe muuzaji, mwingine awe bibi wa miaka 70 mwenye presha, anayetumia enalaprili na dawa ya kukojosha. Ameharisha siku mbili, magoti yanamuuma, anataka diklofenaki. Je, muuzaji atauliza au atauza? Diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo, enalaprili hushusha msukumo wa kuchuja, na dawa ya kukojosha hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Jibu sahihi ni kutomuuzia na kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Atakayekosea darasani hatasahau akiwa dukani.

Pili ni hesabu. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, kisha gawanya kwa 72 mara kipimo cha kreatinini. Kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 70 na kreatinini 1.4 anapata karibu 80. Bibi yetu mwenye kilo 50 na kreatinini ile ile 1.4 anapata karibu 30! Karatasi ya maabara ni moja, figo si sawa. Hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini dozi ya bibi hupunguzwa.

Tatu ni mfuko wa dawa. Mwanafunzi apewe mfuko wenye vidonge mchanganyiko kama vile vya nyumbani, atafute vinavyogongana.

Ndugu msomaji, nawe una sehemu yako. Ukienda dukani, beba dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Taja presha, kisukari au ujauzito kabla hujaulizwa. Dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako, muulize daktari.

Mwezi wa Ramadhani uangalifu uzidi. Wapo wanaomeza dozi ya kutwa nzima kwa pamoja wakati wa futari, na wapo wanaotuliza kichwa kwa ibuprofeni ilhali mwili umekauka. Mgonjwa wa figo amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua, na ruhusa hiyo si ya kuionea haya.

Allah atujaalie afya njema. Wabillahi tawfiq.